Pambo la Kuchimbia na Pambo la Kubandika

Katika kabati la vioo la dada yangu mjini Nachingwea vimo vibao sita vya kuwekea vikombe. Kila kimoja ni cha mviringo, upana wake sentimita 10, na unene wake haufiki sentimita moja na nusu. Mwili wa kila kibao ni wa mninga, na katika uso wake imo njumu ya mpingo mweusi pamoja na ule mti mweupe uzungukao kiini cha mpingo. Mfanyaji wake ni mjomba wetu, seremala wa Ruangwa, aliyevitoa zawadi siku ya arusi ya dada mwaka 2019. Nakusudia kuvifanyia vibao hivi kile tufanyacho kwa mashairi na hadithi: kuvitazama kwa haki, kutenga kilicho chema na kilicho kibaya, na kutoa sababu ya hukumu.

Najua kuwa msomaji ana hoja mbili za kunizuia. Ya kwanza ni kuwa kibao cha kikombe ni kitu kidogo mno, kazi ya fundi, si kazi ya msanii, wala hakistahili kurasa za chuo. Ya pili ni kuwa zawadi haikosolewi. Aliyepewa hushukuru, wala hageuzi kitu chini juu kutafuta kasoro.

Hoja ya kwanza ni nyepesi. Lugha yetu haikujenga ukuta kati ya fundi na msanii. Twasema fundi wa kushona, fundi wa kujenga, na hata fundi wa kutunga, na wote watatu tumewapa heshima ya neno moja. Ama udogo, shairi la beti nne ni dogo kuliko utenzi wa beti elfu moja, lakini hatulihukumu kwa urefu wake. Twauliza kama kila neno limekaa mahali pake. Swali hilo hilo laweza kuulizwa juu ya kila kipande cha mti.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, maana ina adabu ndani yake. Kwa watu wa Kusini, Wamwera, Wayao, Wamakonde na Wamakua, ukoo tangu zamani ulifuatwa kwa mama, na mjomba ni mkubwa wa nyumba. Mpwa akimwambia mjomba wake kuwa kazi yake ina ufa, maneno hayo hayaishii katika mti. Hata hivyo, wahenga walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tena iko sifa ambayo ni dharau iliyovaa nguo nzuri. Mtoto mdogo aletapo picha aliyoichora twasema nzuri kabla ya kuitazama, kwa sababu hatutarajii kitu kutoka kwake. Kumsifu mzee kwa namna ile ile ni kumfanya mtoto. Kazi iliyomchukua mtu usiku mwingi yastahili jicho la mtu kwa saa moja, na jicho litazamalo kwa saa moja haliwezi kukosa kuona kasoro.

Basi tuanze na jina la kazi yenyewe. Neno njumu lina maana mbili, na hukumu yangu yote imesimama juu ya kuzitenga. Maana moja ni misumari na mabamba ya shaba yagongomewayo juu ya mti, kama tuonavyo katika masanduku ya Unguja. Vijana wa Kenya waitapo viatu vya mpira njumu, wamefuata tawi la maana hiyo. Maana nyingine ni kipande cha pembe, cha mfupa, cha madini au cha mti, kilichozamishwa katika shimo lililochimbwa kwa kipimo chake, kama ilivyo katika viti vya enzi vya Lamu na Pate, ambavyo mti wake mweusi umetiwa pembe za ndovu na mifupa. La kwanza ni pambo la kubandika. La pili ni pambo la kuchimbia. Sisemi kuwa la kwanza ni duni. Sanduku la Unguja ni zuri, na shaba yake haimdanganyi mtu. Msumari hujionyesha kuwa ni msumari. Ubaya huanza pale pambo lililobandikwa lijifanyapo kuwa limechimbiwa.

Kazi ya kuchimbia ina sheria kali. Fundi huchonga kwanza kipande cha mpingo kwa umbo alitakalo. Kisha hukilaza juu ya mninga na kukizungushia ncha ya kisu, ili mstari wa shimo uwe mstari wa kipande chenyewe, wala si mstari wa kalamu. Patasi huchimba ndani ya mstari huo, kina cha milimita 3 hivi, na sakafu ya shimo hutakiwa kuwa sawa. Kipande hupunguzwa kidogo kwa chini ili kiingie kwa kubanwa. Hutiwa gundi, hugongwa kwa nyundo ya mti, hukazwa katika jiliwa mpaka asubuhi. Baada ya hapo randa hupita juu ya vyote viwili, mninga na mpingo, mpaka kidole kikipapasa kisitambue mpaka wao.

Katika njia hiyo iko mitego ambayo mtazamaji haioni. Mpingo una mafuta, na uso uliochongwa siku nyingi haushiki gundi vizuri; hauna budi kukwaruzwa upya muda mfupi kabla ya kutiwa. Vumbi lake ni jeusi, na likisuguliwa kwa msasa huingia katika vinyweleo vya mti mweupe ulio jirani na kuuchafua daima. Kwa hiyo fundi mwangalifu huacha msasa, akakwaruza kwa ukingo wa kioo kilichovunjika. Mtego mkubwa kuliko yote ni majira. Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Aprili au Mei, kisha huja kiangazi kirefu. Mti hunywa unyevu na kutanuka, kisha hukauka na kunywea. Nao hufanya hivyo zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu wake. Mninga hutulia kuliko miti mingi, na ndiyo sababu maseremala huupenda. Lakini hata mninga hauko nje ya sheria hiyo. Njumu isiyokumbuka kiangazi itasifiwa siku ya arusi na kuachia mwezi wa Oktoba.

Yapasa kusema neno juu ya mpingo wenyewe, maana thamani ya kazi haiwezi kutengwa na thamani ya kitu kilichotumiwa. Kiini cha mpingo ni kizito hata huzama majini. Mti huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kiini hicho ndicho kifanyiwacho klarineti na obo za Ulaya, na wafanyao ala hizo hawakubali kipande chenye fundo au ufa, hata sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vinavyotunza misitu yao vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, na mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mtu akataye mpingo mzima kwa ajili ya kibao cha kikombe afanya israfu. Mjomba hakukata mti. Alitumia mabaki yaliyokataliwa na wengine, na zaidi ya hayo alitumia ule weupe wa nje ambao wachongaji wengi huupunguza na kuutupa. Hili naliweka katika hesabu ya mema, kwa sababu kazi ndogo yenye vipande vingi ndiyo kazi ifaayo kwa mabaki ya mti adimu.

Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama kazi ya namna hii ni ya asili. Naona ndani yake chemchemi tatu. Ya kwanza ni pwani, niliyokwisha kuitaja. Ya pili ni bara ya Kusini yenyewe. Wanawake wa Kiyao walivaa vipini vya pua vya mpingo vilivyotiwa vipande vidogo vya madini. Na wanawake wa Kimakonde na wa Kimwera walivaa ndonya katika mdomo wa juu, kisahani cha mviringo, mara nyingi cha mpingo uliosuguliwa hata ukang'aa. Aliyepata kuona ndonya hatauliza kwa nini fundi wa Ruangwa alichagua mviringo badala ya mraba. Chemchemi ya tatu ni karakana. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mwaka 1951 ukaachwa kwa hasara kubwa. Reli iliyojengwa kuja Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Matrekta yalikwenda na reli ikaondoka, lakini waliofanya kazi katika karakana zile walibaki na ujuzi wa randa, jiliwa na kipimo cha inchi. Babu yetu alikuwa mmoja wao, na randa aitumiayo mjomba hata leo ni ya babu. Basi asili ya kazi hii ni yote matatu, kama asili ya Kiswahili chenyewe, nacho hakikupungukiwa na uenyeji kwa kupokea.

Sasa nije katika michoro. Neno nembo leo latumika kwa alama ya taifa, ya chuo, ya kampuni na ya timu ya mpira. Kabla ya hayo, nembo ilikuwa ngozini. Fundi wa nembo alichanja ngozi kwa kisu kidogo, mistari ya pembepembe juu ya paji, shavuni, mikononi, akasugua vumbi la mkaa ndani ya jeraha. Kidonda kilipopona, weusi ulibaki chini ya ngozi. Nembo ilikuwa njumu kwa maana ya pili: mwili ulichimbwa, rangi ikazamishwa, juu yake pakawa sawa. Bibi yetu, mama yake mjomba, Mmwera aliyezaliwa katika miaka ya 1930, alikuwa na nembo usoni na mikononi. Alifariki mwaka 2016, na picha yake tuliyo nayo ni moja, ile ndogo ya kadi ya mpiga kura, ambayo ndani yake nembo hazionekani. Michoro ya vibao vya mjomba ni nembo za Bibi, alizozichora kwa kumbukumbu. Hakutuambia siku ya arusi. Dada ndiye aliyezitambua, akalia mbele ya wageni, na wageni wakadhani ni kilio cha bibi arusi.

Nimekwisha kuweka mbele ya msomaji yote ayahitajiyo, basi na tuvihukumu vibao kimoja kimoja.

Kibao cha kwanza na cha pili ni kazi ya mtu ajifunzaye mchoro wake. Cha kwanza kina pembe tatu za paji la uso, vipande 9 tu. Cha pili kina mistari ya shavu. Viungo vimekaza, lakini mchoro umekaa katikati kwa woga, na ukingo wote umebaki mtupu. Ni kazi safi isiyo na kosa wala fahari.

Cha tatu ndicho bora. Kina vipande 24: pembetatu 12 nyeusi na 12 nyeupe, zikifuatana kando ya ukingo, na katikati pameachwa mninga mtupu. Nembo hii ilikuwa mkononi mwa Bibi, ikizunguka kama bangili. Mjomba aliona kuwa kitu kilichozunguka mkono chaweza kuzunguka kikombe. Kikombe kikiwekwa, mchoro haufichwi, hukizunguka. Hapa umbo, matumizi na kumbukumbu vimekuwa kitu kimoja, wala huwezi kuondoa kipande kimoja bila kuharibu vyote. Nimekipapasa huku nimefumba macho, nisijue wapi mweusi huishia na wapi mweupe huanza.

Cha nne kina ufa, na ufa huo ni somo. Fundi alitaka mstari mmoja mrefu wa mpingo ukate kibao toka ukingo hata ukingo, kwa maana ndivyo ulivyokuwa mstari wa paji la Bibi. Akaulaza kukingama nyuzi za mninga. Kiangazi kilipofika, mninga ulinywea kwa upana wake. Mstari wa mpingo, uliolazwa kwa urefu, haukunywea. Mmoja wao hakuwa na budi kushindwa. Gundi iliachia upande mmoja, na mninga ukapasuka upande wa pili. Kosa hili si la mkono, maana kiungo kilikuwa kizuri. Ni kosa la kuamrisha mti badala ya kuuliza nyuzi zake zaelekea wapi.

Cha tano kina herufi za kwanza za majina ya bwana na bibi arusi, pamoja na tarehe. Ufundi wake ni wa juu, kwa sababu herufi zina mikunjo ambayo patasi huichukia. Lakini hakisemi kitu ambacho kadi ya mwaliko haikusema. Nembo za Bibi zimesogezwa kando, zikawa fremu ya herufi. Hapa fundi aliacha kukumbuka akaanza kutangaza.

Cha sita ndicho wageni wakitoacho kabatini kwanza. Kina vipande 61. Nimevihesabu mara mbili. Nembo za paji, za shavu na za mkono zimekusanywa zote katika kibao kimoja, na kati yake ipo mistari myembamba kama uzi. Kwa mbali ni ajabu. Lakini nilipokigeuza kando ya dirisha niliona kuwa mistari ile myembamba haikuchimbwa. Ni wino. Mpingo haukukubali kuchongwa wembamba ule bila kuvunjika, na fundi, badala ya kupunguza mchoro, alichukua kalamu akamalizia. Kisha akapaka rangi ya kung'arisha juu ili wino usifutike, ambapo vile vitano vimepakwa nta tu. Nta ikichoka hupakwa tena. Rangi ile ya kung'aa huacha alama nyeupe kwa joto. Basi kibao cha sita ndicho kisichoweza kutumika hata kama mtu angetaka, na ndicho kisifiwacho kuliko vyote. Wingi wa vipande umewafanya watazamaji wasahau kuuliza.

Nisiwe mkali kwa mti nikawa mpole kwa maneno. Katika arusi ile ile mimi nami nilitoa zawadi, shairi la beti nane nililolisoma mbele ya watu. Amri Abedi alikwisha kutuandikia mwaka 1954 sheria za kutunga, nami sikuvunja hata moja. Vina vyangu vilikuwa vina, na mizani yangu mizani. Lakini nilikwenda katika tenzi za kale na katika kamusi, nikachukua maneno ya Kiamu na ya Kiarabu yenye mng'ao, nikayaweka juu ya mawazo ambayo hayakuwa na shimo la kuyapokea. Palipopungua silabi mbili nilitia neno la kujazia, kama vile mjomba alivyotia wino. Watu walipiga makofi. Leo mimi mwenyewe siwezi kukumbuka ubeti mmoja wa shairi lile, na dada, aliyeandikiwa, alipata kuniuliza kwa adabu kama lilihusu arusi au lilihusu safari ya bahari.

Shaaban Robert alikiita kitabu chake kimoja Pambo la Lugha, na wengi wetu tumelishika neno pambo tukaliacha neno lugha. Tumewafundisha wanafunzi kuhesabu tamathali kama wageni wahesabuvyo vipande vya kibao cha sita: tashbihi tano, takriri tatu, methali mbili, basi shairi ni zuri. Hesabu hiyo si uhakiki. Uhakiki ni kupitisha kidole juu ya kiungo. Yapasa kuuliza kama neno la kigeni au la kale limechimbiwa mahali, kama sentensi iliyo jirani yake ilikatwa kwa kipimo chake, kama litabaki palepale kiangazi kikija, yaani msomaji asiyekuwako siku ya makofi akilisoma. Yapasa pia kuuliza juu ya nyuzi. Lugha ina nyuzi zake, na wazo lililolazwa kukingama nyuzi hizo, hata likiungwa kwa ustadi gani, litaachia upande mmoja au kupasua upande wa pili. Tafsiri nyingi tuzisomazo zina ufa wa kibao cha nne.

Limebaki jambo la kabati. Nilipomwuliza dada kwa nini havitumii, alinijibu: "Kaka, hizi ni nembo za Bibi. Nitawekaje kikombe cha moto juu ya uso wa Bibi?" Hili si jibu la mtu asiyejua sanaa. Ni hukumu ya mhakiki mwingine, na ina nguvu kuliko hoja zote mbili nilizoanza nazo. Kwake yeye vibao hivi ni picha ya pekee ya mtu aliyemlea. Kuvihifadhi ni heshima, na sina ruhusa ya kuicheka.

Lakini nasema kuwa amevisoma vibaya, na sababu yangu imo katika kazi yenyewe. Kama mjomba angetaka nembo zitazamwe tu, angezichonga zikasimama juu ya uso wa mti, au zikazama chini yake, nazo zingeonekana vizuri zaidi kwa kivuli chao. Mchoro uliosimama juu huyumbisha kikombe. Mchoro uliozama hukusanya chai iliyomwagika. Yeye alichagua kazi ngumu kuliko zote, kuzilaza sawasawa na mti, ili kikombe kisimame imara na maji yapanguswe. Usawa huo ndio usemi wake. Nembo za Bibi hazikuishi kabatini. Zilikwenda naye shambani kwenye ufuta na mikorosho, zilitoka jasho, zililowa machozi, ziliguswa na watoto wachanga wenye mikono michafu. Mwaka 1906 Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala, akawapiga picha watu wenye nembo na kukusanya vitu vyao, na vitu vile vikaenda Ujerumani kuwekwa nyuma ya vioo. Siwezi kusema kuwa kioo cha Leipzig kimezinyamazisha nembo, kisha nikasema kuwa kioo cha Nachingwea kimezitunza.

Likizo iliyopita mjomba alikuja Nachingwea. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwomba ruhusa, nikamwambia niliyoyaona, kwa sauti ya chini, nikianza na kibao cha tatu. Nilipofika cha nne alikichukua, akapitisha ukucha katika ufa, akasema, "Hiki nilikilazimisha." Nilipofika cha sita alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wino umeuona?"

"Nimeuona, Mjomba."

"Miaka yote hii hakuna aliyeniambia," akasema. "Nikadhani hamjavitazama."

Dada alileta chai. Kabla ya mtu kusema neno, mjomba alikiweka kikombe chake juu ya kibao cha tatu, nembo ya mkono wa mama yake ikakizunguka, akanywa taratibu kama anywavyo siku zote. Alipoondoka alikwenda na kibao cha sita kwenye mkoba, akisema atakirudia kwa vipande vichache. Havijapita vipindi viwili vya mvua tangu siku ile, wala sijakiona kipya; siwezi kukihukumu kabla ya kukipapasa.

Vibao vitano vilivyobaki viko mezani sasa. Cha nne bado kina ufa wake, na watoto hukipenda kwa sababu huweza kutia ukucha ndani. Hata hivyo, dada hajakubaliana nami moja kwa moja. Wageni wakiisha kunywa hukusanya vibao vyote upesi, akavipangusa, akaviacha vinne mezani. Cha tatu hukirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Nami, ambaye nimekiita bora, sijapata neno la kumzuia.